Sentensi Nzima

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, Łódź bado giza,
theluji imegeuka tope kando ya reli za tramu,
nami napanda ngazi za kiwanda kilichoacha kufuma
kabla sijazaliwa.
Matofali mekundu. Kulabu za mikanda zingali darini.
Chini yake sasa kuna vyuma, kamba, masanduku ya kurukia,
na Radosław, mwalimu wetu, anayepiga makofi
kama mtu anayefukuza kunguru.

Sekunde arobaini kazi. Ishirini pumzi.
Miaka mitano nimeishi ndani ya hesabu hiyo.
Niliujua mwili wangu kama mfuko wa koti:
kilichomo, palipotoboka.
Sasa una mpangaji,
wiki ya ishirini na mbili, kodi halipi,
na kila mtu ana la kumsemea.
Shemeji: keti.
Jirani: utamtikisa.
Mwanamke mmoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo
alilitazama tumbo, si mimi, akasema, "Maskini."
Sikujua ni nani kati yetu.

Mkunga wangu, Kinga, hakusema keti.
Aliuliza nilikuwa nikifanya nini kabla ya mimba, mara ngapi,
akanipima presha mara mbili, maana nilikuja mbio.
Endelea, akasema, ila kuruka kupungue,
usilale chali kwa muda, kunywa maji kabla kiu haijabisha hodi.
Ukiona damu, au maji yasiyo jasho,
kichwa kikizunguka, kifua kikibana,
shavu la mguu mmoja likivimba,
acha papo hapo. Usimalizie hata sekunde. Nipigie.
Akafunga faili.
Akalifungua tena.
"Na uwe unasema. Sentensi nzima, kwa sauti, katikati ya zoezi.
Ikikatika, umevuka mpaka."

Nikachagua supu ya bibi.
Menya bitiruti nne, uzikate nyembamba kama njiti,
(chuchumaa, inuka)
tia siki kijiko kimoja, rangi isikimbie,
(chuchumaa, inuka)
Sanduku silirukii tena. Nalipanda
kama mtu apandaye behewa:
mguu mmoja, kisha wa pili.
Kiburi kinauma kuliko nyonga.

Februari nilijaribu kudanganya.
Nikarudia vyuma vyangu vya zamani, vile vizito,
chemsha mfupa kwa moto mdogo mpaka
mpaka

Nikaviweka chini.
Radosław alishusha mikono yake, hakupiga makofi.

Bibi Genowefa alifuma humu humu, safu ya tatu, dirishani,
mimba ya mama tumboni hadi mwezi wa nane,
wima zamu nzima, vumbi la pamba kooni,
na kilichopimwa kilikuwa mita za kitambaa.
Mashine zilinguruma hata sauti ikawa haina kazi;
wanawake walisemezana kwa midomo mitupu,
kutoka safu hadi safu: bei ya mkate, nani kaachwa,
nani anahitaji kuketi na hathubutu.
Nilipomweleza kipimo cha Kinga alicheka kidogo.
"Sentensi tulikuwa nazo," akasema.
"Pumzi ndiyo hatukuulizwa."

Leo ni wiki ya thelathini na moja, naye amekuja.
Hakutaka kuingia. Amesimama nyuma ya kioo cha mlango,
koti la sufi, fimbo, kofia hajaivua.
Muziki unatwanga. Napanda, nashuka, nasema mapishi yangu,
na huko aliko hasikii kitu.
Anaitazama midomo yangu.
Kisha anagonga kioo kwa pete, mara tatu,
anausukuma mlango, kelele zinamrukia usoni,
naye anazipita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia:
"Kitunguu saumu!
Umesahau kitunguu saumu!"

Sekunde ishirini.
Ninayo pumzi ya kumjibu.